Wanahesabu kobalti, wahesabu na maji

Maneno yenye ilitolewa mbele ya vijana wa harakati, Kolwezi. Tunaiweka hapa juu ya wale wenye hawakuweza kufika.



Najua wengi mumekuja kwa miguu juu feza ya motari haiko, kwa hiyo sitawakawiza. Leo nataka tuongee juu ya kitu kimoja tu: maji ya mine, na namna gani mutu anaweza kuihesabu. Ndiyo, kuhesabu. Itakuwa karibu sawa somo la hesabu la shule. Lakini mutaona wenyewe kama ndani ya hesabu ile njo siasa inajificha.

Tuanze na kobalti. Miaka hii ya mwisho, kwa kila tone 10 za kobalti zenye zinachimbwa duniani, karibu 7 zinatoka kwetu. Mwezi wa Februari 2025 serikali ilikataza kobalti isiuzwe inje. Kisha, toka tarehe 16 Oktoba 2025, ikaweka kota: tone 18125 kwa miezi yenye ilibakia ya mwaka ule, tone 96600 kwa mwaka 2026, na tena 96600 kwa mwaka 2027. Musikilize muzuri zile namba. Hawakusema "karibu elfu mia moja". Walisema elfu tisini na sita na mia sita, na kila kampuni ikapewa sehemu yake.

Sasa miye nauliza. Kama inchi inaweza kuhesabu kobalti namna ile, nani anaweza kusimama hapa Kolwezi atuambie ni maji kiasi gani ilipompiwa mwaka jana juu shimo za mine zibakie zikavu? Ni maji kiasi gani ilirudia ndani ya Musonoi, ndani ya Luilu, ndani ya Lualaba? Na ilirudia namna gani, safi ao chafu? Kampuni ziko na hesabu zao ndani ya komputa. Siye wenye kunywa ile maji hatuna hata karatasi moja yenye imebandikwa kwa ukuta wa kartie. Njo ile nimekuja kuongea.

1. Pipa ya maji

Kila mama wa nyumba anajua hesabu hii. Asubuhi pipa ilikuwa na litre 200. Mchana kutwa mulichota bidoni 5 za litre 20, maana yake litre 100. Mvua haikunyesha. Jioni unaangalia, imebakia litre 60. Kuna litre 40 zenye hazina maelezo. Ao pipa inatoboka chini, ao kuna mutoto alichota bila kusema. Hauhitaji diplome juu ya kuona kama kuna maneno pale.

Hesabu ya maji ya mine ni hiyo hiyo. Maji yenye iliingia, ukitosha yenye ilitoka, inapaswa kuwa sawa na yenye iliongezeka ao ilipungua ndani ya mabwawa. Kama haiko sawa, kuna fasi haikupimwa, ao kuna fasi inafichwa.

Maji inaingia kwa milango mitano. Mulango wa kwanza ni muto ao ziwa. Wa pili ni chini ya udongo, kwa pompe. Wa tatu ni mvua yenye inaanguka ndani ya konsesio. Wa ine ni unyevu wenye uko ndani ya mawe yenyewe yenye wanachimba. Wa tano ni maji ya kununua, sawa ile ya REGIDESO.

Inatoka pia kwa milango yake. Kuna ile yenye inarudishwa mutoni. Kuna ile yenye jua inakausha juu ya mabwawa. Kuna ile yenye inabakia ndani ya matope ya reje, juu matope ya kiwanda haikauke kabisa hata kisha miaka. Kuna ile yenye inapenya chini ya baseni na kwenda polepole ndani ya udongo. Na kuna kiloko yenye inaondoka ndani ya mali yenye wanapakia kwa lori.

Muangalie ule mulango wa mvua, juu watu wengi wanausahau. Milimetre 1 ya mvua kwenye hekta 1 ni metre kibe 10, ni kusema litre 10000. Huku kwetu mvua inapita milimetre 1000 kwa mwaka. Kwa hiyo hekta 1 inapokea metre kibe 10000. Baseni ya reje ya hekta 100 itapokea metre kibe milioni 1. Hiyo ni bidoni milioni 50. Ile maji haikupita kwa pompe, haina faktire, hakuna mutu aliiomba. Lakini imeingia, imechangana na yenye iko mule ndani, na siku moja inapaswa kutoka fasi fulani. Kama kwa hesabu ya kampuni hakuna mustari wa mvua, ile hesabu haijakamilika, hata kama imechapwa kwa karatasi ya rangi.

2. Lile neno "tunarudilia maji"

Mutasikia sana: "Siye tunatumia tena asilimia 80 ya maji yetu." Watu wanapiga makofi. Miye nilipiga pia, mpaka niliketi nikafanya hesabu.

Tuchukue mufano wa mine moja ya kuwaza tu. Mwaka wa kwanza kiwanda kinahitaji maji sehemu 100. Sehemu 80 ni maji ya kurudilia, 20 ni maji mupya. Wanaandika: asilimia 80. Mwaka wa pili wanakuza kiwanda, kinahitaji sehemu 300. Sasa wanarudilia 255, na maji mupya ni 45. Wanaandika: asilimia 85, tumeendelea! Na ni kweli, asilimia imepanda. Lakini maji mupya imetoka 20 ikafika 45, imepita mara mbili. Muto haujui asilimia. Muto unajua metre kibe.

Tena kuna jambo la pili. Kuna kanuni za dunia juu ya kuhesabu maji ya mine. Waaustralia waliandika yao, na ICMM, ile chama ya makampuni makubwa ya madini, iko na yake. Glencore, yenye iko na KCC na Mutanda huku kwetu, ni memba wa ICMM. Ile kanuni ya ICMM inagawanya maji kwa mafungu mawili: maji yenye inatumika kwa kazi, na maji yenye kampuni inaongoza tu bila kuitumia. Ukipompi maji chini ya shimo na kuitupa moja kwa moja kwa mutaro bila kupita kiwanda, inaweza kuandikwa kwa lile fungu la pili.

Kugawanya namna ile si uwongo, iko na maana kwa mainjenia. Lakini mama mwenye kisima chake kimekauka haulize kama ile maji "ilitumika" ao "iliongozwa". Yeye anajua tu kama haiko tena. Njo maana ukipewa ripoti ya kampuni, usiangalie asilimia. Tafuta kwanza mustari wa pompe za shimo. Ukikosa ule mustari, uliza.

3. Shida yetu si ukame, shida yetu ni pompe

Kwa inchi kavu, sawa kule kaskazini mwa Chile, mine inalia juu maji haiko. Huku kwetu mara mingi ni kinyume. Maji iko mingi, inaingia ndani ya shimo, na kampuni inapigana nayo usiku na mchana. Kipushi, mwaka 2011, pompe kubwa iliharibika na maji ikapanda ndani ya mine ya chini ya udongo. Kakula, mwezi wa Mei 2025, udongo ulitikisika kule chini, maji ikaingia kwa nguvu, kazi ikasimama, na kuitosha ikawa kazi ya miezi. Kwa mine za kwetu pompe njo roho. Pompe ikikufa, mine inakufa.

Lakini pompe ikiishi, ni nani anakufa kiu? Maji ya chini ya udongo iko sawa maji ya beseni. Ukiivuta kwa fasi moja, inashuka pale, na kando kando inashuka pia, inafanya umbo la antonwari. Wenye kuwa karibu wanashuka wa kwanza. Wenye visima vifupi wanakauka wa kwanza. Na mawe ya huku, ile dolomi ya Katanga, iko na mipasuko na mapango yenye inapitisha maji mbali. Kwa hiyo kisima kinaweza kukauka mbali na shimo kuliko vile mutu anawaza.

Kwa kartie ya kwetu tulikuwa na kisima cha ndani ya lupango. Baba alikichimba na mikono, wadogo zangu walikulia juu ya ile maji. Kiangazi kimoja kilikauka, na visima vya majirani pia. Wababa wa kartie walienda kuona kampuni yenye kuwa karibu. Sitaitaja jina, juu sina ushahidi, na kukosa ushahidi njo neno langu la leo. Kampuni ikasema: "Ni mvua ilikuwa kidogo." Wababa wakasema: "Ni pompe zenu." Kila mutu akarudia kwake na maneno yake. Kati yao hakukuwa hata mutu moja mwenye alipima kile kisima mara moja tu mbele pompe zianze. Kisha miezi, wakaleta foraje moja kwa kartie muzima, wakakata ruba, wakapiga picha. Mama yangu anapanga mustari pale saa kumi na moja ya asubuhi. Siku ile foraje inapanda, ao mafuta ya jenereta inakosa, tunanunua bidoni.

Siikatae foraje. Mwenye kiu anakunywa. Lakini foraje ya zawadi haijibu lile ulizo. Mutu akikutosha litre 100 gizani na kukurudishia 10 mbele ya kamera, bila hesabu utamushukuru.

4. Litre haitoshe, kuna na uchafu

Metre kibe 1 ya maji safi na metre kibe 1 ya maji ya aside si kitu kimoja, hata kama kwa karatasi zinaandikwa namba moja. Kwa hiyo hesabu ya kweli inapaswa kusema na hali ya maji: yenye mutu anaweza kunywa kisha kuisafisha kidogo, yenye inahitaji dawa mingi, na yenye haifae kwa kitu chochote.

Kipimo rahisi ni pH. Maji ya katikati ni 7. Ikishuka, ni aside. Na mukumbuke kitu hiki: kutoka 7 kufika 6 si kushuka kidogo, ni aside kuongezeka mara 10. Kufika 5 ni mara 100. Kufika 4 ni mara 1000. Kwa hiyo mutu akikuambia "ni tofauti ya 2 tu", umuitike na kicheko.

Tumeona ile inatokea wakati hakuna hesabu. Mwaka 2021 uchafu wa mine ya almasi ya Angola uliingia ndani ya Tshikapa na Kasai, samaki zikaelea, watu wakagonjwa. Februari 2025, upande wa Zambia karibu na Chambishi, baraji ya reje ilipasuka na aside ikateremuka mpaka muto Kafue. Novemba 2025, Lubumbashi kwetu, maji ya baseni ya kampuni iliingia ndani ya kartie za watu, na Waziri wa Mine akasimamisha kazi ya ile kampuni. Na mwaka 2024 ripoti ya RAID na AFREWATCH ilitosha maneno ya watu wenye kuishi kando ya mine za Lualaba: magonjwa ya ngozi, shida za wanawake, samaki zenye zimekwisha. Kwa kila moja ya mambo hii lile ulizo linarudia: maji ilikuwa namna gani mbele? Kama mbele haikupimwa, mwenye makosa anajificha nyuma ya lile neno "mbele".

Tena tuseme ukweli wote. Kuna wandugu zetu wakrezeri wanasafisha mali ndani ya mito, na ile maji inachafuka pia. Kampuni inasema "ni wakrezeri". Mukrezeri anasema "ni kampuni". Nani anasema kweli? Mwenye alipima juu ya bomba ya kampuni na chini ya bomba, na juu ya fasi ya kusafishia mali na chini yake, siku moja, saa moja. Kipimo hakina rafiki. Kama kinasema ni siye, tutakubali na kurekebisha. Kama kinasema ni wao, nao wakubali.

5. Sheria iko, tusijifanye sawa haiko

Kuna watu wanawaza kama tunaenda kuomba neema. Apana. Katiba yetu ya 2006, kwa artikle 48, inasema haki ya kupata maji ya kunywa inahakikishwa. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inasema mwenye kuchafua njo mwenye kulipa, na inaomba wanainchi waulizwe mbele kazi kubwa sawa hizi ziitikiwe. Tuko na sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015. Na Code minier, vile ilibadilishwa mwezi wa Machi 2018, inasema mwenye haki ya kuchimba anapaswa kurekebisha hasara yenye kazi yake imeletea watu, vitu na mazingira, hata kama hakukuwa kosa ao uzembe wake. Musome tena lile neno la mwisho. Hatuhitaji kuonyesha kama walifanya kwa kusudi. Tunahitaji kuonyesha kama hasara imetoka kwa kazi yao.

Na kuonyesha, kamarade, kunaomba namba. Juji hawezi kuhukumu kwa "tunaona sawa maji imepunguka". Juji anauliza: ilikuwa metre ngapi, ikawa metre ngapi, tarehe gani, nani alipima? Pale njo tunaanguka kila mara. Haki tuko nayo kwa karatasi, daftari njo hatuna.

6. Daftari yetu

Kwa hiyo tusingojee. Kuna vitu vya bei kidogo vyenye tunaweza kuanza juma hii.

Kamba. Mufunge jiwe kwa mwisho, mufanye fundo kila nusu metre. Kila siku ya posho, saa ileile, muteremushe kamba ndani ya kisima kilekile mpaka iguse maji. Muandike: kutoka mudomo wa kisima mpaka maji ni metre ngapi. Visima 10 kwa kartie moja, kwa mwaka moja, vitafanya vipimo 520. Hakuna mutu atasema tena "munawaza tu".

Chupa ya mvua. Chupa ya plastiki yenye kuta zake ni sawa juu na chini, murula ndani, fasi ya wazi, mbali na miti. Kila asubuhi muandike milimetre ngapi, kisha mumwange. Siku kampuni itasema "mvua ilikuwa kidogo", tutafungua daftari na kuona.

Ndoo na saa. Kama kuna bomba kidogo yenye inamwanga kwa mutaro wa inje, weka ndoo ya litre 20 na uhesabu segonde. Ikijaa kwa segonde 4, ni litre 5 kwa segonde. Kwa siku moja ni metre kibe 432. Ni bidoni 21600. Bomba yenye ulikuwa unapita kila siku bila kuiangalia!

Kijiti ndani ya mutaro. Kama mutaro ni mukubwa, upime upana, upime urefu wa kwenda chini, kisha utupe kijiti na uone kinachukua segonde ngapi juu ya kutembea metre 10. Mufano: upana metre 1, kwenda chini nusu metre, kijiti kinatembea metre 10 kwa segonde 20, ni kusema nusu metre kwa segonde. Ukizidisha zote utapata robo ya metre kibe. Punguza kidogo, karibu sehemu moja ya tano, juu maji ya chini inatembea polepole kuliko ya juu. Inabakia litre 200 kwa segonde, zaidi ya metre kibe 17000 kwa siku. Si kipimo cha laboratware, lakini kinatosha juu ya kuuliza ulizo la kweli.

Makaratasi ya pH. Mara mbili kila wakati: juu ya bomba na chini ya bomba. Tarehe, saa, rangi, jina la mwenye alipima na la mwenye alimuona anapima.

Sasa munisikilize muzuri, hasa wadogo. Hakuna mutu wa kuruka ukuta ya konsesio. Hakuna mutu wa kugusa maji yenye inachoma macho ao yenye samaki zimekufia. Tunapima inje, kwa njia ya watu wote, mchana, wawili wawili, na chefu wa kartie anajua. Kijana ndani ya kasho hapimi kitu. Na picha ya simu bila tarehe na bila fasi haifae. Itapata mia mbili ya "j'aime" kwa Facebook, na mbele ya juji haitapata kitu.

Najua kuna mutu atasema: daftari ya watoto wa kartie haiwezi kushinda mainjenia wa kampuni. Ni kweli. Haitawashinda. Lakini itawalazimisha walete yao. Mutu akija na namba zake, huwezi kumujibu na hotuba, unapaswa kumujibu na namba. Pale njo mazungumuzo inaanza.

7. Na kazi?

Kuna wenye wananiambia pembeni: "Yaya, acha maneno hizi, utafunga milango ya kazi." Nawaelewa. Miye niko na lisansi, nina miaka inaenda tatu bila kazi, na makaratasi yangu ya kuomba kazi iko kwa zile mine. Kama kesho wananiita, nitaenda. Siko hapa juu ya kufunga mine. Mine ikifungwa, Kolwezi itakula nini?

Lakini muwaze na hii. Kupima maji ni kazi. Inaomba mutu wa kusoma konteri, wa kuteremusha kamba ndani ya mashimo ya kupimia, wa kuchota chupa na kuzipeleka laboratware, wa kuandika na kuchora. Chuo zetu zinatosha wanafunzi wa jeoloji, wa shimi, wa mazingira kila mwaka, na wanauzisha kredi ya simu barabarani. Mine yenye inapima maji yake vizuri inahitaji wale vijana. Mine yenye haipime inahitaji tu mulinzi kwa mulango. Tena, mine yenye haijui maji yake haiko salama hata kwa wafanyakazi wake wenyewe. Maji haiulize mutu kama ana kontra.

8. Yenye tunaomba

Tunaomba mambo tano, na tunayaomba kwa heshima, lakini hatutachoka.

Moja. Kila mine ya Lualaba na ya Haut-Katanga itangaze kila mwezi, kwa metre kibe na si kwa asilimia: maji yenye iliingia kwa kila mulango, na yenye ilitoka kwa kila mulango, pamoja na pompe za shimo. Kwa kifaransa na kwa kiswahili, kwa ukuta wa biro ya kartie.

Mbili. Pamoja na litre, waandike hali ya maji: pH na metali, juu ya bomba na chini ya bomba.

Tatu. Mbele pompe mupya ianze, visima vyote vya jirani vipimwe, mbele ya wenye visima, na kila mwenye kisima apewe karatasi yake.

Ine. Konteri zisomwe pamoja: mutu wa kampuni, mutu wa serikali, mutu wa kartie. Hesabu yenye mutu anajifanyia peke yake na kujipa pwe mwenyewe, si hesabu.

Tano. Vile inchi yetu iko ndani ya ITIE na inatangaza feza za madini, itangaze na maji ya madini. Feza ikipotea, inaweza kutafutwa na kupatikana. Maji ya chini ya udongo ikichafuka, watoto wa watoto wetu njo watalipa.

Kwa siye wenyewe, naomba kitu kimoja: mbele ya kutoka hapa, kila kartie iandike majina mawili kwa ile karatasi yenye iko kwa mulango. Majina mawili, kisima kimoja, kamba moja. Posho yenye inakuja, tunateremusha kamba ya kwanza. Tutaandika namba ya kwanza, na toka siku ile hakuna mutu atatuambia tena kama "mbele" haikuwa.

Walihesabu kobalti mpaka tone ya mwisho juu iko na bei. Hata maji iko na bei. Muulize mama mwenye kupanga mustari saa kumi na moja ya asubuhi.